Milio Miwili

Ulitoka mlio mmoja tu, halafu laptopu ikaganda.

Eustadia aliendelea kuikodolea macho kana kwamba mashine ikikodolewa vya kutosha itaona haya na kuamka. Haikuona haya. Kishale kilisimama katikati ya kioo, saa ya pembeni ikabaki palepale kwenye tatu na dakika kumi na saba, na kitaa kidogo cha diski kikazimika. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mwishowe akabana kitufe cha kuzimia kwa kidole gumba mpaka kioo kikawa cheusi. Akauona uso wake mle ndani, akageukia dirishani.

Ilikuwa Alhamisi. Arobaini ya Mama Gaudensia ilikuwa Jumamosi.

Afadhali tumseme mapema huyu Eustadia, tusije tukamwonea huruma bure. Alikuwa fundi wa chumba cha masikio huko Cheyo, chumba kimoja chenye mazulia ukutani, ambako watu wa Tabora mjini, na wengine kutoka Sikonge na Nzega, huja kupimwa usikivu na kupewa vile vifaa vidogo vinavyokaa nyuma ya sikio. Kifaa cha namna hiyo hakifai kitu mpaka kifundishwe: sikio hili la mzee huyu limepoteza sauti nyembamba, liongezee hapa, lile linaumizwa na kelele, lipunguzie pale. Mafundisho hayo yalitoka kwenye laptopu moja nene ya zamani, yakapita kwenye kadi bapa ya chuma iliyochomekwa ubavuni mwake, yakafuata waya hadi kwenye kiboksi, na kutoka kiboksini yakaingia kwenye kifaa. Laptopu za siku hizi hazina hata tundu la kuingiza kadi kama ile. Ndiyo maana ile ya Cheyo ilikuwa na kitambaa chake, kabati lake na ufunguo wake.

Aliyeviunganisha vyote hivyo ni Mzee Wilbroad, fundi mstaafu wa simu na ishara za reli. Miaka thelathini ya ving'ora vya treni ilimwibia masikio, naye badala ya kukaa akilia aliamua kujifunza. Alikuwa mgonjwa wa kwanza wa chumba kile na fundi wake wa kwanza. Alipochoka akamwachia Eustadia kiti, pamoja na sharti moja.

"Hii usiisasishe," alimwambia. "Ikikuuliza, kataa. Ikikubembeleza, kataa."

Mwezi wa pili Eustadia alirudi kutoka semina Mwanza, kichwa kimejaa maneno ya usalama wa taarifa za wagonjwa. Laptopu ilipomuuliza, akakubali. Ilipomuuliza tena kama ibaki na mipangilio ya zamani au iweke mipya, akajibu mipya, maana nani anataka ya zamani? Ilipolalamika kwamba diski imejaa, akafuta kiini cha zamani ili kupata nafasi. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inayojua kusemezana na vyuma: kinanda, kioo, diski, kadi. Na hao waliotengeneza kiini kipya walikuwa wameshaamua kwamba kadi za aina ile hazina mtumiaji tena, wakaziacha nje. Habari za Cheyo hazikuwafikia.

Siku hiyohiyo, ndani ya droo, katika bahasha iliyoandikwa kwa wino mwekundu, vililala vifaa viwili vya Mzee Wilbroad. Alivileta mwenyewe asubuhi kwa sababu cha kushoto kilikuwa kinafifia. Kazi ya saa moja. Eustadia alikuwa ameshavifuta vyote viwili ili avifundishe upya. Baada ya kusasisha, akachomeka kadi. Kimya. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Kimya. Mzee alipomtuma mwanawe Agnetha kuvichukua, Eustadia alimwambia kuna kipuri kimeagizwa Dar es Salaam. Hakikuwepo kipuri. Maneno yalimtoka tu.

Siku ya nne Mama Gaudensia, mke wa Mzee Wilbroad, akaugua ghafla. Baada ya wiki akazikwa. Na Mzee Wilbroad alimzika mkewe bila kusikia kitu, si sala, si kwaya, si udongo ukigonga jeneza. Waliokuwepo walisimulia kwamba alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akitazama midomo ya watu. Eustadia alisimuliwa tu, kwa sababu hakwenda.

Hakwenda mazishini, na hakwenda matanga. Mtu wa Tabora anaweza kukosa harusi yako akakuletea sababu ukamcheka yakaisha. Kukosa msiba wa nyumba iliyokufundisha kazi ni jambo jingine. Alijua. Kila siku alisema kesho nitakwenda kutoa pole, na kila kesho ilikuja na uzito zaidi, maana sasa ingebidi aeleze na jana. Akaanza kupita barabara za nyuma asikutane na watu wa Itetemia, alikokaa mzee. Akawa hapokei simu. Akakonda.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, laptopu ikiwa bado nyeusi mbele yake, ujumbe wa Agnetha ukaingia.

"Dada Eusta, baba ameulizia tena masikio yake. Jumamosi ndiyo arobaini. Mama alipokuwa kitandani alijua baba hamsikii, akamrekodia maneno kwenye simu yangu, akasema atayasikia masikio yakirudi. Tumetaka kumwandikia, hataki, anasema hayo si maneno ya kusoma. Halafu hali chakula. Anagusa tu sahani. Kipuri bado?"

Eustadia aliusoma mara tatu.

Si kwamba alikuwa amekaa bure. Wiki tatu zilizopita aligundua kwamba kiini mtu anaweza kujitengenezea mwenyewe: unapakua maandishi yake yote, unajibu maswali yake, yapo maelfu, hiki unakitaka au hukitaki, kisha unaiachia kompyuta isage maandishi hayo kwa saa kadhaa mpaka yawe kiini kizima. Laptopu ya kliniki ingesaga siku mbili na kufa. Akaenda kwa Majidi, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko, akamwomba kompyuta yake kubwa.

Kiini cha kwanza aliula wa chuya. Tundu lile hupokea kadi za aina mbili zinazofanana kwa umbo, za kale za biti kumi na sita na zilizofuata za biti thelathini na mbili, na kila aina ina swali lake. Eustadia alisema ndiyo kwa thelathini na mbili na hapana kwa kumi na sita, akidhani kubwa lazima limo na dogo ndani yake. Halimo. Kadi ya Cheyo ilikuwa ya kumi na sita. Kimya tena.

Kiini cha pili alikubali zote mbili. Hicho ndicho kilichoganda asubuhi hii. Mzee Wilbroad aliifundisha mashine ile ilie mara ya kwanza ikihisi kadi imeingia, na mara ya pili ikishaitambua na kuipatia mahali. Milio miwili, kazi ianze. Eustadia alikuwa ameupata mmoja, na baada ya huo kifo. Alitafuta sababu mtandaoni mpaka bando likaisha. Kila aliyewahi kuandika juu ya kadi hizo alikuwa ameandika miaka mingi iliyopita, na wote walimalizia kwa kusema inategemea mashine yako.

Aliyeijua mashine yake alikuwa mmoja tu duniani, na yuko Itetemia.

Sasa angekwendaje? Hilo ndilo lililomtoa jasho. Kwenda na laptopu mkononi ni kutangaza kwamba umefuata kazi, pole umeipitia njiani. Kwenda bila laptopu ni kupoteza siku, na siku zilibaki mbili. Akanunua sukari kilo mbili na mchele kilo tatu. Akachukua kikapu kipana, akaiweka laptopu chini kabisa pamoja na kadi yake, akaifunika kwa khanga, juu yake akapanga mchele na sukari. Atatoa pole kwanza, akae, atulie, halafu mambo yakipoa atamwomba mzee faraghani. Alijiona ana akili.

Pikipiki ilimfikisha saa saba, matope yamefika hadi magotini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ile njia kuu ya zamani, ya misafara ya pembe, inayopita nyuma ya shamba la Mzee Wilbroad, iligeuka mfereji. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani kwa ajili ya Jumamosi. Wanawake sita walikaa mkekani wakichambua mchele. Waliinua vichwa. Mmoja akasema, "Aa, huyu si wa Cheyo?" na mwingine akaitikia, "Ndiye," akainamia tena mchele wake.

"Poleni sana na msiba," Eustadia alisema.

"Tumeshapoa," waliitikia.

Agnetha alitoka jikoni akifuta mikono, mwanamke wa miaka thelathini na tano, macho ya mama yake. Alimpokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika mpini wa kikapu.

"Karibu, dada. Lete nikusaidie."

Katika akili yake yote ile Eustadia alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa Itetemia analijua: mgeni wa msiba hakai na kikapu chake. Kinapokewa, kinapelekwa jikoni, kinamiminwa, na kinarudi kikiwa kitupu.

"Hapana, acha tu, ni kizito," alisema, akivuta.

"Ndiyo maana nikakipokea," Agnetha alisema, akivuta.

"Nitakileta mwenyewe."

"Dada Eusta! Mgeni abebe mimi nikimtazama? Mama angenifufukia."

Wanawake wa mkekani walikuwa wameacha kuchambua. Eustadia akaachia. Alikitazama kikapu kikiingia jikoni, kwenye moshi, na mafiga, na ndoo za maji, akahesabu ni muda gani sukari na mchele vitachukua kutolewa.

Mzee Wilbroad alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kukunja, koti limempwaya. Eustadia alipiga goti mbele yake na kuamkia. Salamu ya goti mzee hakuhitaji kuisikia.

"Marahaba!" alijibu, kwa sauti iliyofika barabarani. Ndivyo alivyokuwa akiongea siku hizi zote, kwa sababu hakujisikia mwenyewe. "Umekuja!"

"Pole, baba," Eustadia alisema.

Mzee akagusa sikio lake, akatikisa kichwa.

Akasema tena kwa nguvu zaidi. Mzee akatikisa kichwa tena, kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kofi. Kumpigia mfiwa kelele za pole ilikuwa aibu. Akatoa daftari mkobani, akaandika: Pole sana kwa msiba, baba. Nisamehe. Sikuja kuzika na sikuja kuhani. Sina la kujitetea.

Mzee alisoma taratibu. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo Agnetha alipotoka jikoni. Alishika laptopu kwa mikono miwili kama sinia, chembe za sukari zikimetameta juu ya kifuniko.

"Dada Eusta," alisema, "na hii nayo ni rambirambi?"

Mwanamke mmoja mkekani akaangua kicheko, wengine wakamfuata. Eustadia alitamani ardhi ipasuke. Lakini Mzee Wilbroad hakucheka. Alikuwa ameshanyoosha mikono, na Agnetha, bila kuelewa, akampa.

Akaifuta sukari kwa mkono wa koti. Akaiwasha. Maandishi ya kuamka yakaanza kupanda kiooni, mstari juu ya mstari, naye akiyafuata kwa midomo, kama alivyokuwa akifuata midomo ya watu makaburini. Ghafla akaacha.

"Umesasisha!"

Kuku walikimbia. Vicheko mkekani vikakatika.

"Nilikwambia ukatae! Ikikubembeleza, ukatae! Umesasisha, na cha zamani umefuta! Na mipangilio yangu umefuta!"

Kila neno lilisikika hadi kwa majirani. Mzee hakujua kwamba alikuwa akitangaza. Kwake yeye alikuwa akimkanya binti wa kazini, baina yao wawili.

"Kusasisha ndiyo nini?" Agnetha aliuliza. Alimtazama baba yake, akamtazama Eustadia. "Si ulisema kuna kipuri kinatoka Dar?"

Hapo Eustadia angeweza kuongopa tena. Mzee asingesikia. Neno lilimjia hadi ulimini, limeshavaa nguo.

"Hakuna kipuri," alisema. "Sikuwahi kuagiza. Mashine niliiharibu mimi, baba alikuwa amenikataza. Nikaogopa kusema."

Agnetha alisimama akipumua kwa pua.

"Kwa hiyo baba alimzika mama hivi..." alianza, akashindwa kumaliza. Akageuka akarudi jikoni, na sufuria likasikika likiwekwa chini kwa nguvu.

Eustadia alilia pale barazani, wazi, bila kujifunika. Mzee Wilbroad hakuinua kichwa. Alikuwa amezama kwenye laptopu, miwani imeshuka puani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wanawake walisema baadaye, alionekana ana shughuli.

"Betri ina nusu saa!" alipaza. "Futa machozi, kaa hapa. Daraja la kadi umeweka?"

Eustadia akaandika: Ndiyo.

"Kumi na sita?"

Ndiyo. Mara ya pili.

"Mara ya pili!" Akaguna. "Na programu ya kuisemesha kadi yenyewe? Daraja linakuvusha tu. Ng'ambo utaongea lugha gani?"

Eustadia akashika kichwa. Swali hilo alilipita, lilikuwa kwenye ukurasa mwingine kabisa. Akaandika: Sikuweka.

"Weka! Halafu hii inaganda, siyo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Itaganda tu. Kadi ikiingia, kiini kinazunguka kutafuta nyumba ya kuiweka. Kinabisha hodi kila mlango. Sasa kwenye mashine hii kuna mlango mmoja una mwenyewe, mkali, hatangazwi popote. Ukimbishia hodi, nyumba nzima inakufa. Mimi ilinichukua wiki mbili kumjua." Akachukua daftari, akageuza ukurasa ulioandikwa pole, na upande wa pili akaandika mstari mmoja: neno la kukataza, kisha namba mbili, mwanzo wa mlango na mwisho wake. Hakusita hata kwenye tarakimu moja. "Huu ndio uliokuwa kwenye mipangilio yangu. Mwambie asibishe hapo."

Kioo kikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Mzee akafunga kifuniko na kuweka viganja vyake juu yake.

"Jumamosi misa ni saa nne," alisema. "Ikikubali, njoo kabla. Isipokubali, misa itasomwa hivyohivyo."

Hakuna aliyemsindikiza Eustadia. Kikapu alikikuta kwenye ngazi, kitupu, khanga imekunjwa ndani yake.

Ijumaa saa tatu alikuwa kwa Majidi kabla hajafungua. Alijibu maswali upya moja moja, kidole kwenye kioo, akisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Daraja, ndiyo. Kumi na sita, ndiyo. Thelathini na mbili, ndiyo. Programu ya kadi, ndiyo. Akarudi mwanzo akahakiki, akarudi tena. Saa nne kompyuta ikaanza kusaga, feni ikapaa.

"Dada, umeigeuza jiko la mkaa," Majidi alisema, akiweka kiganja karibu na boksi. "Itamaliza lini?"

"Saa saba. Saa saba na nusu."

"Saa saba mimi nipo msikitini."

"Nifungie ndani."

Majidi alimtazama kuona kama anatania. Akashusha shata la mlango, akamfungia, akaenda Ijumaa.

Saa saba na dakika tano umeme ukakatika. Taa ilizimika, mashine ya kopi ikanyamaza, na kile kiboksi cha betri ya akiba chini ya meza kikaanza kulia. Eustadia alikuwa akikijua: dakika kumi, siku nzuri kumi na mbili. Majina ya mafaili yalikuwa bado yanapanda kiooni. Ilibaki nusu saa ya kazi, pengine pungufu. Ikifia njiani, umeme ungerudi lini? Juzi ulirudi usiku. Jumamosi ilikuwa kesho.

Akawaza kinachokula betri. Akanyoosha mkono akazima kioo.

Sasa hakuona kitu. Akakaa gizani nyuma ya shata, jasho likimtiririka mgongoni, na kilichobaki kumpa habari ni feni tu. Ikivuma kwa nguvu, kazi inaendelea. Ikifa ghafla, betri imekwisha. Ikishuka polepole, kazi imeisha. Alisogeza sikio mpaka likagusa boksi la moto. Kiboksi kiliendelea kulia, kila mlio ukifuatana zaidi na wenzake, na pale, shavu likiwa limeungua kidogo, ndipo alipofahamu jinsi mtu anavyochoka kungoja sauti. Mzee alikuwa ameingoja siku hamsini. Alimwonea uchungu, na alijichukia.

Feni ikabadilika.

Ikashuka. Polepole, kama mtu anayekaa kitini baada ya safari. Akawasha kioo: kazi imekwisha, hakuna kosa. Akanakili kwenye fleshi, akahakiki, akachomoa. Kiboksi kilitoa mlio mrefu na vyote vikazimika. Majidi aliporudi na kupandisha shata alimkuta amekaa sakafuni, fleshi ameishika kifuani kwa mikono miwili.

Umeme ulirudi saa kumi. Saa kumi na nusu laptopu ya Cheyo iliamka na kiini kipya. Eustadia aliuandika ule mstari wa mzee kwenye mipangilio, akaulinganisha na daftari tarakimu kwa tarakimu. Akashika kadi. Aliishika muda mrefu mno, akaisukuma.

Mlio.

Saa ya pembeni ilionyesha kumi na dakika thelathini na nne. Aliitazama bila kupepesa. Ilibaki thelathini na nne. Ilibaki. Ikawa thelathini na tano, na mlio wa pili ukatoka.

Jina la Mzee Wilbroad lilikuwepo kwenye orodha, na vipimo vyake vyote. Akaunganisha kifaa cha kulia, kisha cha kushoto. Dakika arobaini. Alivijaribu na kuvijaribu tena, akavirudisha kwenye bahasha.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi alikuwa Itetemia. Safari hii hakuwa na kikapu. Sufuria kubwa zilikuwa tayari motoni, na Agnetha, aliyekuwa akikoroga, alimwona na hakusema karibu. Aliacha mwiko akamfuata hadi barazani, simu yake mkononi.

Eustadia alipiga goti. Alimvalisha mzee kifaa cha kulia, akapitisha kile kibomba nyuma ya sikio, akafanya hivyohivyo kushoto. Akawasha.

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba, na Mzee Wilbroad akageuza kichwa upande huohuo. Agnetha alisogea na simu, kidole tayari.

"Baba, nikuwekee?"

"Ngoja," mzee alisema. Hakupaza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ya chini, ya kale, mpaka Agnetha akashika mdomo. "Huyu kwanza."

Akamgeukia Eustadia.

"Ile uliyoniandikia juzi. Iseme."

Eustadia alikuwa amedhani kwamba pole ya kuandika imetosha. Kuandika kulikuwa kumempunguzia aibu. Sasa uso wa mzee ulikuwa pale, mbele yake, masikio yote mawili yakisubiri.

"Pole, baba," alisema. "Pole kwa Mama Gaudensia. Sikuja kumzika. Nilikuchukulia masikio yako, nikadanganya, ukamzika mama bila kumsikia hata mtu mmoja akimuaga. Siwezi kukurudishia siku ile. Nisamehe."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema.

Alichukua simu kwa Agnetha, akauliza abonyeze wapi, akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chao.

Agnetha na Eustadia walibaki wamesimama barazani, hawakutazamana. Sauti ya Mama Gaudensia haikuwafikia, ila mnong'ono tu, mfupi, wa mtu anayepumua kwa taabu. Ukaisha. Ukaanzishwa tena. Ukaisha.

Kisha wakamsikia mzee akijibu, taratibu, kama wanavyoongea wawili walio chumba kimoja.

"Haya, mama Agnetha. Nitakula."

Agnetha alifuta macho kwa kiganja. Akaingia jikoni, akatoka na mabakuli mawili ya uji, moja akaliweka kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa, na la pili akampa Eustadia.